Loshoro Niliyoizira

Mjukuu wangu Neema,

Nimepokea shikamoo yako, marahaba. Hapa Sekei bibi yako hajambo, na kahawa imechanua.

Unauliza mwanao aitweje anapojigaragaza na kukataa chakula. Sisi tulisema amezira.

Utotoni nilimwaga bakuli la loshoro, yale mahindi ya maziwa mgando, aliyonipikia dada yangu, aliyekuwa mgonjwa wa kifua, kwa sababu nilitaka nyama. Nikaapa kwamba sitakula tena chakula cha mkono wake.

“Mzee wa kuzira, njoo uonje tu, yaishe,” alinitania kwa siku tatu. Kwetu, kuonja ndiko kulikokuwa kupatana. Sikuonja. Siku ya nne alifariki.

Usimchape mwanao. Keti naye mpaka hasira ipoe, kisha umlishe kwa mkono wako siku hiyohiyo.

Babu yako