Buti za Kukulia

Richfield, Minnesota,
Marekani.
12 Aprili 2026

Mpendwa Dada Restituta,

Tumsifu Yesu Kristo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na shemeji na wote walioko Kibosho. Magoti ya Mama yanaendeleaje na mvua hizi za masika? Yale mafuta ya kuchua niliyotuma mwambie ni yake, asimgawie jirani kama alivyofanya mwaka jana. Sisi hatujambo. Melkiori siku hizi anaingia zamu ya mchana, kwa hiyo angalau nakula na mume wangu. Careen naye hajambo, ila hiyo "ila" ndiyo iliyonishikisha kalamu.

Utajiuliza kwa nini naandika wakati simu ipo. Mara tatu nimekupigia nikiwa nimejiandaa, na mara tatu nikaishia kukuuliza habari za migomba. Naona aibu, Dada. Nasibu, yule jirani yetu wa Tanga, anasafiri Jumanne, na ameniahidi kuwa atakupa barua hii mkononi kabla ya Jumapili.

Mtoto uliyenikabidhi nimemuumiza. Sikumpiga. Nimemuumiza miguu, kisha nikamwita mvivu.

Unakumbuka zile picha za Januari, amevaa kofia ngumu na miwani mikubwa? Shule yake ina timu ya ski, na vijana wa hapa hushuka vilima vya theluji kama sisi tulivyokuwa tukicheza netiboli. Nilijivuna mno. Picha nilizisambaza hadi kwa watu ambao hatusalimiani. Buti zenyewe nilizinunua Novemba, pale shuleni wazazi walipokuwa wanauza vifaa vilivyotumika. Mama mmoja alimpima Careen mguu, akanitolea jozi inayomkaa. Nikamwambia hiyo mwakani itambana. Nikachukua iliyozidi namba mbili, ili akue nayo.

Unajua nilikoitoa akili hiyo. Wewe na mimi tulivaa viatu vya kukulia tangu darasa la kwanza, karatasi imejazwa mbele, na Baba akasifiwa kijiji kizima kuwa ni mtu anayejua kupanga. Basi nami nikamvika mtoto soksi mbili nzito za sufu, moja juu ya nyingine, nikaridhika.

Kumbe buti za ski si viatu vya shule. Nje ni ganda la plastiki gumu lisilokunjika. Mguu ukicheza ndani, kila anaposhuka vidole vinakwenda kugonga mbele, tena na tena siku nzima, na kinachoumia ni kucha.

Februari alianza kuniomba asiende mazoezini. "Mama mdogo, leo nipumzike, vidole vinaniuma." Nikamjibu kwamba kila anayefanya kazi anaumwa miguu, na kwamba akiacha, Wazungu watasema Waafrika hatuwezi baridi. Nikamwambia asiniaibishe. Kocha wake, Eric, aliniambia siku moja kuwa Careen anaegemea nyuma anaposhuka, kana kwamba anaogopa mteremko. Nililishika hilo neno la kuogopa, nikamchapa nalo ndani ya gari tangu kilimani hadi mlangoni kwetu.

Sasa nakuja kwenye Alhamisi Kuu. Kwenye Misa yetu ya Kiswahili walitafutwa watu kumi na wawili wa kuoshwa miguu, nami nikapeleka jina la Careen bila kumuuliza. Alikataa, Dada. Alilia kabisa. Nikamwambia baraka haikataliwi, nikampigia pasi gauni lile jeupe.

Akakaa mbele, karibu na Mzee Bagalwa, yule Mkongo anayeongoza kwaya. Padre alipomfikia, Careen alichelewa sana kuvua soksi. Mwishowe akaivua. Kidole gumba hakikuwa na kucha. Palikuwa na nyama nyekundu tu, na kidole kilichofuata kilikuwa na kucha nyeusi kama mkaa. Padre alisita na jagi lake, kisha akamimina maji polepole pembeni, akaukausha mguu kwa kuubonyeza tu, bila kusugua. Kanisa zima liliona.

Dada, kitu cha kwanza nilichohisi hakikuwa huruma. Niligeuka kutazama ni nani na nani wameona. Careen aliporudi kwenye benchi nikamnong'oneza, "Vaa soksi haraka." Kucha itaota. Hilo neno langu sijui nitalipeleka wapi.

Na kazi yangu unaijua. Kule Fridley, kwenye nyumba ya wazee, kila asubuhi nakagua miguu ya wenye kisukari kidole kwa kidole, naandika kwenye faili kama kuna hata mchubuko. Miguu ya wazazi wa watu naijua kwa majina. Ya mtoto wako, anayelala chumba cha pili kutoka changu, sikuitazama tangu theluji ya kwanza. Watu kanisani walinifariji wakisema mganga hajigangi. Walitaka kunisaidia, lakini huyu si mimi, huyu ni mtoto wa watu.

Ijumaa Kuu nilijaza beseni maji ya vuguvugu, nikakaa sakafuni, nikamwomba radhi. Akanijibu kwa Kiingereza, "It's fine," kama afanyavyo asipotaka nimsogelee. Alikuwa akijifunga plasta mwenyewe na kufua soksi zenye damu bafuni, bomba likiwa wazi ili nisisikie. Mguu wa kushoto nao ulikuwa na kucha moja nyeusi.

Jumatatu ya Pasaka tulimwona daktari. Hakuna usaha, tumshukuru Mungu. Amesema kucha itachukua mwaka au zaidi kurudi, na zile nyeusi zisivutwe, zitadondoka zenyewe. Halafu akaniambia kwamba kama ningemleta siku ile damu ilipojikusanya na kidole kikawa kinapwita, angeweza kuitoa damu na maumivu yakapungua hapo hapo. Nilitazama sakafu.

Nilitaka kuzitupa buti na ski zote. Careen ndiye aliyekataa. Anasema akishuka anajisikia mwepesi, na anataka kurudi Desemba. Basi Jumatano tukaenda kwa fundi wa buti, mzee mmoja asiye na maneno mengi. Alitoa kile kiatu cha ndani cha sponji, akamsimamisha peku ndani ya ganda tupu, vidole viguse mbele, kisha akaingiza mkono nyuma ya kisigino. Akaniambia panapaswa kupenya vidole viwili tu. Ngumi yake nzima iliingia. Hakunilaumu, ila alinitazama.

Nilijifunza kwake mengi ambayo ningepaswa kuuliza Novemba. Soksi iwe moja, nyembamba. Kucha zikatwe fupi na kunyooka siku mbili kabla ya mazoezi, pembe zisichimbwe. Kabla ya kufunga, kisigino kigongwe nyuma kikae mahali pake, na vifungo vya juu, kwenye kifundo, vikazwe kuliko vya vidoleni. Magoti yaelekee mbele, maana ukiegemea nyuma ndipo vidole husukumwa. Na mtoto alikuwa anaegemea nyuma kwa sababu buti hazikumshika, si kwa woga. Nimeyaandika yote nikayabandika kwenye friji. Careen ameongeza juu kabisa kwa mkono wake: "Nikisema inauma, inauma."

Sikuelezi haya ili uone nimesharekebisha. Wewe ndiye mama yake. Ukisema arudi nyumbani, nitamleta mwenyewe na sitakuuliza sababu.

Nisalimie Mama, shemeji, Shangazi Eligia, na Anselmi na mkewe. Melkiori anawasalimu sana.

Limebaki moja. Kila Jumapili unapompigia Careen, mimi huwa nimekaa kando yake, simu iko kwenye spika, na ukimuuliza kama hajambo, mimi ndiye ninayejibu. Nilimuuliza kwa nini hakukueleza wewe. Akaniambia, "Ningemwambia saa ngapi, Mama mdogo?" Jumapili ijayo, ukiwa umeshaisoma barua hii, nitampa simu, nitavaa koti, nitatoka nje na kuuzunguka mtaa mpaka aniite. Muulize hali yake. Atakalokwambia kunihusu, Dada, liamini.

Mungu awafunike kwa mkono wake, nawe akupe moyo wa kuisoma hii mpaka mwisho.

Ni mimi wako akupendaye, mdogo wako,

Generosa