Papa Munganga, Bado Tunapanda Ngazi

Papa Munganga, daktari na mwalimu wangu,

Kliniki yako ya mapigo ya moyo haijafungwa. Naanza na hilo kwa sababu ndilo ungeuliza kwanza, hata kabla ya habari za watoto wangu.

Baada ya mazishi, mkuu wetu wa hospitali alitaka chumba chako kiwe ghala la magodoro. Alisema kazi ile ilikuwa yako na umeondoka nayo. Nilimjibu kwamba umeniachia mimi, nami sitoki. Na sikutoka.

Wiki iliyopita mama mmoja alimleta binti yake, Neema, kutoka Nyantende. Akipanda kilima na bidoni ya maji, anaanguka. Hospitali ya kwao walikwisha kumpima amelala kitandani, moyo ukaonekana hauna neno, wakampa dawa ya kifafa. Kwenye chumba cha maombi nako waombezi wakamfungisha kula hadi akakonda. Mama yake akaniambia, "Docteur, moyo iko muzuri, mashini ilisema. Hii ni pepo tu. Nimekuya sababu shangazi yake alinisumbua."

Nikakumbuka ngazi zako, Papa. Ulikuwa unawafunga wagonjwa kile kimashine cha kifuani kinachochora mapigo, unapanda nao polepole ukiwauliza bei ya mihogo, na wenzetu wanacheka kwamba unatesa watu. "Usipime moyo mu kitanda tu," ulisema. "Mutu haishi mu kitanda. Simama, tupande." Utafiti wako wote ulitoka kwenye ngazi zile, na magoti yako yale mabovu.

Basi nikamfunga Neema kimashine, tukapanda, muuguzi nyuma yetu na mashine ya kushtua moyo. Niliogopa kweli. Karibu na juu mapigo ya Neema yalivurugika, nikamkalisha mara moja, yakatulia. Yalikuwa yale yale uliyonifundisha: moyo unaotulia kitandani na kuvurugika mtu akipanda. Mama yake alitazama ile mistari akalia. "Kumbe mutoto wangu alikuwa mugonjwa tu."

Sasa Neema anameza dawa inayomfaa, na bidoni wanabeba kaka zake, kwa manung'uniko mengi. Mkuu naye ameagiza magodoro yatafutiwe pahali pengine.

Nimekukumbuka mno. Nakukasirikia pia, uliondoka mapema. Lakini nakuahidi: anayeanguka njiani, awe wa Mumosho au Nyangezi, mimi sitampima amelala tu na kumrudisha nyumbani.

Kwaheri, Papa. Wewe lala sasa. Sisi tunapanda.