Machozi ya Kanisa la Juu

Jumanne, 15 Julai 2025

Sifuri tena! Mashine imemeza udongo wangu, ikanguruma wee, mwisho ikanichorea mstari mnyoofu. Hakuna bromaidi. Mwaka wa pili huu nachimba vitalu vilivyoachwa, vya maua na vya miche ya chai, nikitafuta mabaki ya methili bromaidi. Ile gesi wenye mashamba makubwa walikuwa wakiipuliza chini ya karatasi za plastiki iue minyoo ya udongo, mpaka dunia ikaipiga marufuku kwa kuharibu ozoni. Waliimwaga miaka nenda miaka rudi. Mimi sipati hata tone la kuandikia ukurasa mmoja wa tasnifu.

Dr. Gichana, msimamizi wangu, alikuja akasimama nyuma yangu akitafuna njugu. Ati mimi ndiye Mkenya wa kwanza kuitafuta sumu kwa bidii nayo sumu ikamkwepa. Quinter, tunayegawana naye meza ya labu, akacheka mpaka akashika ukuta. Rafiki gani huyu!

Halafu Baba akapiga simu. Nije nyumbani Boito Jumapili, kanisani kwetu, Kanisa la Juu, kuna uamsho. Watu wanalia. Hata Mama amelia.

Mama? Tangu tumzike Noah, mdogo wangu, Mama hajatoa chozi. Siku yenyewe ya mazishi alikuwa anapanga sahani za wageni. Nyumbani kwetu ni hivyo – unazika wako, jioni unakamua ng'ombe, na jina la marehemu halitajwi ovyo. Lakini usingizi nao ulimtoka. Na hamu ya chakula. Anakaa jikoni ameshika kikombe cha chai mpaka kinaingia utando. Nikiongea naye ananijibu vizuri tu, kama anavyomjibu karani wa kituo cha chai.

Nitaenda.

Jumapili, 20 Julai

Nimeokoka!

Aki nacheka mwenyewe nikiandika, lakini ni kweli. Macho bado mekundu.

Mvua ilikuwa inapiga mabati, baridi ya Julai, madirisha yote yamefungwa. Kengele siku hizi iko ndani, imening'inizwa kwenye boriti kando ya madhabahu, maana wezi wa vyuma walijaribu kuing'oa pale nje. Ni mtungi wa chuma ambao Baba alinunua kwenye mnada wa shamba moja la maua lililofungwa. Akaupaka rangi nyeupe, akautoa sadaka kwa kanisa. Wanaume wanne waliubeba wakipokezana, na kijiji kizima kinajua hadithi hiyo kwa sababu Baba huirudia kila Krismasi. Yeye ndiye mzee wa kanisa, na yeye ndiye huupiga, kwa kipande cha nondo.

Tuliketi mbele, nyuma tu ya kwaya. Mchungaji Antony akatuanzishia pambio. Baba akagonga kengele, nyimbo mbili hivi, pua ikaanza kuniwasha, koo likanikaba, na machozi hayo! Nikageuka, kumbe kila mtu. Kwaya yote inalia. Na Mama – Mama amejishika tumbo, anatikisika, anaita, “Noah, Noah wangu.” Sijalisikia jina hilo kinywani mwake tangu siku ile.

Basi nami nikaenda mbele. Mimi! Mwanakemia, mpenda ushahidi, nimepiga magoti kwenye simenti na kamasi zinatiririka. Mchungaji akaniwekea mkono kichwani. Msomi amevunjika, akatangaza. Watu wakaitikia amina ile ya kupasua mabati. Tulipotoka nje machozi yakakauka mara moja, nikajiambia, ala, Mungu hapotezi wakati.

Nyumbani Mama alikula ugali, akaongeza. Akanywa mursik, maziwa yetu ya kibuyu. Akalala kwenye kiti mchana, mdomo wazi. Baba aliketi anamtazama tu, na redio akaizima.

Jumatatu, 21 Julai

Nimeokoka mara ya pili. Safari hii ni mbele ya friji.

Quinter alifungua friji la kemikali asubuhi kutafuta vitu vyake. Kichupa kimoja kizibo kilikuwa kimelegea. Pua ikaniwasha. Koo likakaba. Machozi hayo! Quinter akapiga kelele, yawa, toka nje, akanivuta kwa koti. Koridoni yakakauka mara moja.

Mara moja, kama jana.

Nikarudi nimeziba pua, nikasoma kibandiko. Kloropikrini. Ninaijua vizuri, nimeiandikia kurasa nne. Methili bromaidi haina harufu, inaweza kukuua bila hodi, kwa hivyo walikuwa wakiichanganya na hii. Kazi yake ni kukuliza ili ukimbie. Hiyo tu. Sisi hatukukimbia. Sisi tuliongeza pambio.

Nikatoka tena, nikakaa chini koridoni. Mtungi wa shamba la maua. Wanaume wanne! Mtungi mtupu unabebwa na wanaume wanne? Na hakuna aliyeuliza. Nami nimehadithiwa habari hiyo kila Krismasi nikimega chapati, mtaalamu wa methili bromaidi! Kisha wanaupiga nondo kila Jumapili mpaka vali imelegea. Miaka miwili nazunguka na jembe kwenye mashamba ya watu, kumbe kikulacho ki nguoni mwako.

Quinter alianza kucheka, akaona uso wangu, akaacha.

Dr. Gichana hakucheka kabisa. Aliweka njugu chini. Akaniuliza watu wameanza kuumwa kichwa? Kizunguzungu? Miguu kufa ganzi? Ati inaingia kidogo kidogo, unajiona mzima, siku moja huwezi kusimama. Niwaite watu wa serikali, lakini kwanza nimpigie baba yangu. Kisha akauliza nani huketi karibu zaidi na huo mtungi.

Kwaya, nikasema. Na Mama.

Jumatano, 23 Julai

Nilipiga simu jana, nimeyapanga maneno vizuri. Baba hata hakunipa nafasi ya salamu. Mama amelala mpaka ng'ombe wakalalamika! Anaimba jikoni! Amefungua sanduku la nguo za Noah, amezifua, amezianika mwenyewe. Na Jumapili wageni wanakuja kutoka Kaplong kuona uamsho.

Nikasema, Baba, kuna kitu nataka kukuambia kuhusu ile kengele.

Akasema, ah, umeiona nimeipaka rangi upya?

Nikasema imependeza.

Imependeza! Shahada moja na nusu, na hiyo ndiyo sentensi niliyotoa. Nikaongeza kwa sauti ndogo kwamba wangefungua madirisha siku ya ibada. Akasema na baridi hii, unataka kuua wazee?

Leo nimejiambia kwamba mtu wa sayansi hasemi kabla ya kupima. Kanisa limefungwa mpaka Jumapili, hakuna atakayedhurika, nitaenda Jumamosi nipime kwanza. Maneno mazuri. Ni woga tu, umevaa koti jeupe.

Kwa sababu ninajua nitakachochukua. Nikisema, Mama atajua amelizwa na dawa ya minyoo. Atarudi kwenye kile kikombe chake. Nisiposema, atakaa pale mbele analia vizuri mpaka miguu ikatae. Nimezungusha hesabu hii pande zote na haitoki.

Jumamosi, 26 Julai

Dr. Gichana aliniazima barakoa yenye chujio na taa yake ya zamani – kichomeo cha gesi chenye kipande cha shaba mdomoni. Moto wake ni wa buluu. Ukikutana na bromaidi unageuka kijani.

Nilimwomba Baba ufunguo wa kanisa, nikamwambia nataka kwenda kuomba. Alifurahi mpaka nikaona aibu. Dhambi hiyo nayo niiongeze kwenye hesabu, na wokovu wangu hata wiki haujamaliza.

Nikafungua madirisha, nikavaa barakoa, nikafanana na nguruwe. Nikasogeza taa shingoni mwa mtungi.

Kijani! Kijani kabisa, cha jani changa la chai.

Na niandike ukweli kwa sababu hakuna atakayesoma: niliruka kwa furaha. Nilipiga kelele ndani ya barakoa. Matokeo! Baada ya miaka miwili, matokeo! Nilikuwa tayari natafuta simu nipige picha. Halafu macho yakaangukia benchi la mbele, na leso ya Mama aliyoisahau hapo Jumapili. Nikazima taa.

Nilimkuta Baba anakamua. Nikamwambia yote, nimesimama nyuma ya ng'ombe ili tusiangaliane. Maziwa yakaacha kulia kwenye ndoo.

Akauliza, “Ule mtungi niliununua mimi?”

“Ndiyo, Baba.”

“Mama yako anajua?”

“Hapana.”

Ng'ombe akageuza kichwa kumwangalia. Kisha Baba akasema tangu Noah aondoke amekuwa akiishi na mtu ambaye hayupo, na sasa mkewe amerudi nyumbani. Nimwachie basi kesho tu. Ibada moja. Watafungua madirisha.

Nikasema hiyo ibada moja inaweza kuwa ndiyo itakayoua. Nilikasirika, sijui na nani. Kwani ni mimi nilipenda?

“Basi utasema mwenyewe,” akaniambia. “Mimi siwezi kumnyang'anya.”

Nimewapigia watu wa serikali. Wanakuja kesho. Wamesema msiguse, msigonge, msiingie. Nimeficha nondo chini ya kitanda changu. Mwizi wa kanisa sasa.

Jumapili, 27 Julai

Naandika nikiwa nimeketi kwenye nyasi nje ya kanisa. Manyunyu. Wino unachafuka.

Nilifika kabla ya wote, nikasimama mlangoni na mikono nimeitanua. Wageni wa Kaplong wakafika na suti zao. Mchungaji Antony akafika. Watu wakajaa. Nikaanza kueleza – na nilianzia wapi? Kwenye ozoni! Ozoni! Mzee mmoja akauliza kama hilo ni dhehebu jipya. Nikaruka mpaka minyoo ya udongo, nikarudi kwenye shinikizo la gesi. Mchungaji akatabasamu, akasema binti yetu amejaa ushuhuda, tumpishe aingie ndani autoe vizuri.

“Si ndani!” nikapiga kelele. Mtu akanishika bega, kwa upole, kunisogeza.

Hapo ndipo Baba akaja mbele. Akavua kofia.

“Kengele niliyowapa ina sumu,” akasema. “Ilikuwa ya kuua minyoo kwenye maua. Nilinunua mimi. Msiingie.”

Maneno machache tu! Na wote wakaelewa.

Mama mmoja wa kwaya akauliza, na machozi je? Wote wakanigeukia. Nikasema machozi pia yanatoka kwenye mtungi, yamewekwa humo makusudi ili mtu alie akimbie. Mgeni mmoja wa Kaplong akaguna kicheko. Peke yake. Mwingine wa kwaya akasema kumbe kichwa kinachomuuma si kwa sababu ya mfungo! Kijana mmoja akauliza kwa hasira kama basi yeye hajaokoka. Nikamwambia sijui, hata mimi nauliza. Mchungaji Antony aliketi kwenye ngazi kitambo kirefu, nikamwonea huruma sana. Kisha akainuka, akasema hata nje ni kwa Mungu.

Sasa wanaimba kwenye manyunyu, pambio lile lile. Hakuna anayelia. Hata mmoja. Nimewaangalia uso kwa uso kuhakikisha, mjinga mimi, utadhani nitaandika ripoti.

Mama haimbi. Amekuja kuketi kando yangu kwenye nyasi zilizolowa, na gauni lake la Jumapili. Macho makavu. Nilimweleza yote polepole. Jinsi gesi inavyotoka. Kwamba kesho nampeleka hospitali wampime damu na miguu. Kwamba tumewahi, nafikiri tumewahi. Akawa anaitikia kwa kichwa, vile huitikia nikimweleza masomo yangu.

Nikamaliza. Akaniuliza kwa Kipsigis, wala hakuwa na hasira:

“Sasa nitamlilia wapi?”

Nimefungua daftari ili nisimwangalie. Nina majibu ya kila kitu kuhusu huo mtungi, uzito wake, vali, kitakachofanywa nao leo. Bado anangoja. Baba amesimama kule kwenye ua wa michongoma, kofia mkononi, hathubutu kusogea. Gari la serikali limeingia getini, wananiita mimi, ati mtaalamu yuko wapi. Siendi. Ameweka mkono juu ya ukurasa, mkono ni wa baridi, anasema weka kalamu chini, lakwet, mwanangu, niambie ni w