Mwirigi wa Embu

Alhamisi usiku, Kaaga

Na nani aliwaomba? Ile kampuni ya kutafuta vitu mtandaoni imenifungulia ukurasa wenye jina na picha yangu, halafu leo ikaniuliza kama namjua mtu fulani wa Embu.

Anaitwa Mwirigi, kama mimi. Ana mwanya wa marehemu baba, na amenizidi umri.

Kwetu kijana wa kwanza ndiye hupewa jina la babu, baba wa baba. Maisha yangu yote nimejua huyo ni mimi.

Nilimwonyesha mama picha tu, bila jina, bila mahali. Hakuacha kumenya viazi.

"Embu ni mbali," akasema. "Mwache huko."

Nimeshindwa kulala. Simu imewaka sasa hivi. Kumbe naye aliulizwa kama ananijua.

Amejibu ndiyo.