Mguu Mfupi wa Mwanasesere

Shoga, sikia hii.

Unaikumbuka ile karatasi ya kukatia mwanasesere wa kitambaa niliyoikuta kwenye droo ya cherehani ya mama? Mguu mmoja mfupi. Nikajua mama alikosea kuchora, nikashona hivyo hivyo ili nimtanie.

Nimemwonyesha sasa hivi. Hakucheka! Kaupapasa ule mguu wa kitambaa, kasema, "Dada yako alizaliwa hivi."

Dada yangu?? Mimi, kifungua mimba???

Eti alifariki mwaka mmoja kabla sijazaliwa. Ile karatasi mama aliichora kwa kumpima yeye.

Sasa kampakata mwanasesere, anambembeleza kwa jina langu. JINA LANGU, shoga.

Nikaitika, "Abee, mama."

Hakuinua hata macho. "Si wewe."