Kadi ya Chungu Namba Tisa

Chumba cha juu,
Nyuma ya duka la fundi viatu,
Jumatano, tarehe 9 Machi.

Mpendwa Shangazi,

Pokea salamu zangu nyingi, na kabla sijasema lolote nijulishe hali yako. Kikohozi kimekuachia? Baba Pacha bado anaamka alfajiri kumwagilia bustani isiyo na kitu? Na pacha wenyewe, wameacha kung'atana? Picha mliyotuma mama ameichomeka kwenye kioo cha kabati, na kila mgeni analazimishwa kuitazama kabla hajapewa kiti.

Sisi huku ni wazima. Goti la mama linamuuma akipanda ngazi na linapona akisikia jirani ana habari mpya. Bibi hajambo, ila amegoma kuvaa meno yake ya bandia. Anasema yanamfanya aonekane kama mtu anayetaka kugombana. Yamekaa kwenye kikombe karibu na kitanda, yanangoja mgeni wa heshima. Kumbuka meno hayo, Shangazi, maana yamo katika habari yangu.

Uliuliza kama nimeizoea kazi kwa Daktari. Nilikuwa nimeizoea hadi jana asubuhi. Sasa utanisamehe mwandiko. Barua hii nimeianza mara tatu, na mara zote mbili za kwanza nimechana karatasi.

Chumba cha vyungu kiko vilevile ulivyokiacha miaka kumi na miwili iliyopita: dirisha moja refu, meza yenye kitambaa kizito, na kabati la kioo. Vyungu vyote kumi vya kauri ya Kichina vimo, vile vya kuoteshea vitunguu vya maua, vipana na vifupi, kila kimoja na miguu mitatu. Daktari angali anavioteshea. Anasema chungu kisichootesha kitu ni bakuli lenye majivuno. Angali pia anaviita wagonjwa, anagonga ukingo kwa ukucha na kusikiliza, na anavichungulia chini kwa kile kioo kidogo cha kutazamia magego, kana kwamba hakustaafu kung'oa watu meno. Ufunguo wa kabati ninauvaa shingoni kwa kamba, kama ulivyokuwa ukiuvaa wewe.

Jambo lililobadilika ni hili. Makumbusho yamekubali kuvichukua vyote na kuvipa chumba chake, na jina la Daktari litaandikwa juu ya mlango. Sharti ni kwamba viwe kumi kamili, kuanzia namba moja hadi kumi kama zilivyochongwa chini na mafundi wa kale, na vyote viwe vizima. Daktari alivitafuta kwa miaka thelathini, unajua kuliko mimi. Tangu barua ya makumbusho ifike anavaa tai hata akinywa chai peke yake.

Kwa hiyo nilipewa kazi ya kuandika kadi mpya, moja kwa kila chungu: upana, rangi, namba, kasoro, na chini sahihi ya karani. Nilipewa kadi zako za zamani ninakili, nikithibitisha kila neno kwa macho. Vyungu tisa nilivigeuza, nikavipima, nikavitazama kwa mwanga wa dirisha. Namba tisa kilikuwa na maua. Daktari alisema kisiguswe hadi maua yaanguke, na makumbusho walikuwa wanazitaka kadi. Nikanakili yako bila kukigeuza.

Kwenye kadi yako, Shangazi, mstari wa kasoro ulikuwa wazi.

Nilistaajabu kidogo. Kadi nyingine zote ulizijaza. Uliandika hata "alama ndogo kama punje ya mchele ukingoni", na pasipo na kitu uliandika "Hakuna". Nikadhani ulisahau. Unanijua, mimi fomu yenye nafasi tupu inanikosesha raha tangu shuleni. Nikaandika "Hakuna" kwa mwandiko mzuri, nikatia sahihi. Kadi zilipelekwa wiki mbili zilizopita.

Jana maua yalianguka. Nikatoa vitunguu, nikatoa mawe ya kuvisimamishia, nikamwaga maji. Ndani palibaki duara la chokaa lisilotoka. Amri ya Daktari ni maji baridi tu, siku zote. Nilisugua hadi vidole vikauma, kisha nikachukua maji ya vuguvugu kwenye birika la mpishi. Kidogo tu. Nikakiinua chungu nikifute, na mguu mmoja ukabaki mkononi mwangu kama jino la mtoto.

Sikupiga kelele. Nilikaa sakafuni. Nilipopata nguvu za kuutazama, nikaona kwamba haukuvunjika jana. Kingo za mvunjiko zilikuwa na uchafu wa miaka, na katikati palikuwa na nta laini ya rangi ya waridi.

Nta ile naijua. Nilikuwa na miaka saba ulipompeleka Bibi kliniki kutengenezewa meno. Daktari alimpa aume kipande cha nta ya rangi ile ile, ili apate umbo la fizi. Mimi nilitaka nionje, ukanishika ukosi wa shati hadi tulipotoka nje. Wakati ule funguo zote za kliniki zilikuwa kwako, na za chumba cha vyungu pia.

Nisamehe, Shangazi. Nilidhani ni wewe. Nilidhani ulikivunja, ukakiunga, ukaondoka. Mama hakuwahi kutuambia kwa nini uliacha kazi katikati ya mwezi. Kutwa nzima jana nilikutuhumu kimoyomoyo huku nikikukumbuka ukinifunga kamba za viatu, na sijui lipi liliniumiza zaidi.

Leo asubuhi nikaitoa tena kadi yako. Mtu anayeficha uvunjaji wake angeandika "Hakuna" haraka haraka. Wewe hukuandika. Nikakumbuka pia barua yako niliyopata nilipoanza kazi. Sikuelewa kwa nini hukunipongeza. Uliandika mstari mmoja tu kuhusu Daktari: "Uandike unachokiona." Nikadhani ni maneno ya kumwasa mtoto wa shule.

Nilimwonyesha mpishi ule mguu, kwa kuwa sikuwa na mtu mwingine wa kumwonyesha. Unamkumbuka, Mama Sauti, aliyeapa kwamba siku moja atavikaanga vitunguu vya Daktari na nyanya. Alinitazama juu hadi chini.

"We mtoto, hicho chungu kimeishi miaka mingapi bila wewe? Usijifanye ndiye uliyekizaa."

"Lakini nimetia sahihi, Mama."

"Basi pasha hiyo nta, rudisha mguu, funga kabati, funga na mdomo. Kikianguka huko makumbusho, kitawaangukia wao."

Nikafanya hivyo, Shangazi. Nta ilishika vizuri kabisa. Chungu kimesimama kabatini na ukikitazama ungesema hakijawahi kuumwa. Hilo ndilo linalonitisha kuliko kilipokuwa kimevunjika.

Mtaalamu wa makumbusho anakuja keshokutwa, Ijumaa, na kadi zangu mkononi. Nikinyamaza, uongo ule una jina langu. Nikisema, Daktari anakosa chumba chake na mimi nakosa kazi, na mama ameshawaambia majirani wote kwamba mimi ni karani wa vitu vya kale. Tena nilitumia maji ya vuguvugu kinyume cha amri. Nani ataamini kwamba mguu ulikuwa umevunjika zamani? Naweka kalamu chini. Mkono umechoka.

Ijumaa, saa kumi jioni.

Shangazi, naendelea. Sikuituma juzi kwa sababu nilitaka ukiisoma usibaki unaning'inia kama mimi.

Mtaalamu alifika saa nne. Ni mtu mwembamba, mpole, aliyevaa glavu nyeupe tangu mlangoni, na Mama Sauti akaniuliza jikoni kwa sauti yake ile kama amekuja kufanya upasuaji. Daktari alikuwa na tai mpya. Tulisimama watatu mbele ya kabati, mimi nikafungua. Kamba ya ufunguo ilikuwa imelowa jasho.

Alikuwa na utaratibu wake. Anasoma kadi kwa sauti, anakiinua chungu, anakigeuza, anakirudisha, anaweka tiki. Namba moja. Namba mbili. Nilikuwa nikihesabu pumzi. Kwenye namba nne alisifu mwandiko wangu, na Daktari akacheka, akasema, "Huyu hata orodha ya sokoni anaipigia mstari kwa rula." Nikacheka pia. Kicheko kilitoka kama kikohozi chako.

Alipomaliza namba nane nilimtazama Daktari. Hakuwa akitazama vyungu. Alikuwa akikifuta kile kioo chake kidogo cha meno kwa leso, kikiwa safi, anakifuta tena.

"Namba tisa," akasoma mtaalamu. "Kasoro: hakuna." Akanyoosha mikono.

"Bwana, kadi hiyo si sahihi."

Sauti ilikuwa yangu, lakini ni kama ilitolewa na mtu aliyesimama nyuma yangu. Mtaalamu akasimamisha mikono hewani.

"Si sahihi vipi?"

"Mguu wa nyuma umevunjika. Umeshikwa na nta. Nilijaza kadi bila kukigeuza chungu, na kosa hilo ni langu. Jumanne nilikiosha kwa maji ya vuguvugu, mguu ukatoka, nikaurudisha. Na hilo ni langu." Nikatoa mfukoni kadi mpya niliyoiandika jana. Ilikuwa imejikunja kona, mimi ambaye sikunji karatasi.

Akaisoma. "Na nani aliyeuunga mara ya kwanza?"

Hapo, Shangazi, niliona chumba kizima kimenigeukia, vyungu na watu. Nikasema, "Nimeandika nilichokiona. Niliona mguu na nta. Aliyeuunga sikumwona."

Nje mtu alikuwa anaburuta ndoo. Daktari akaweka kioo chake mezani.

"Nipe hiyo kadi," akasema. Nikadhani ataichana. Akavuta kiti, akakaa, akachukua kalamu yangu, na chini ya maneno yangu akaandika kwa mwandiko wake mbovu wa kidaktari: "Nilikivunja mimi, nikikigeuza nikitazame chini. Nta ni yangu. Ilikuwa ya muda." Akatia sahihi. Halafu akasema, bila kumtazama yeyote, "Ya muda, miaka kumi na miwili."

Mtaalamu hakukasirika. Labda ingekuwa nafuu kama angekasirika. Alivitazama vyote kumi hadi mwisho, akakusanya kadi, akasema kwamba ahadi ilikuwa ya vyungu vizima na uamuzi si wake tena. Atapeleka habari kwa wakubwa zake na Daktari ataandikiwa. Akavua glavu mlangoni. Chai ya Mama Sauti hakuinywa.

Tulibaki wawili. Daktari alifungua tai, akaikunja kama bendeji. Nikangoja kufukuzwa. Nilikuwa nimeshapanga maneno ya kumwambia mama.

"Shangazi yako nilimwomba mara mbili aujaze ule mstari," akasema. "Mara ya pili aliweka kalamu mezani, akavua ufunguo shingoni, akaenda zake. Wewe sikukuomba hata mara moja."

Nikaokota kalamu yangu mezani.

"Ufunguo," akasema, akanyoosha mkono.

Nikauvua. Kamba ilinasa sikioni. Akaupokea, akakichukua namba tisa kwa mikono miwili, akautoa mguu taratibu kwenye nta, akauweka ndani ya chungu kama kitunguu kinachongoja maji. Akakirudisha kabatini hivyo hivyo, kimeegemea upande, mbele, mahali ambapo kila mtu atakiona. Akafunga. Kisha akanirudishia ufunguo.

"Jumatatu saa mbili," akasema. "Na vile vitunguu vitie mahali pakavu, usije ukampa yule mwanamke avikaange."

Sijui makumbusho watasema nini. Sijui kama Jumatatu ataweza kunitazama, au mimi yeye. Ninaandika hii nikiwa nimeketi kwenye ngazi kwa sababu sikutaka mama anione uso kabla haujapoa.

Lakini wewe nina neno nawe, Shangazi, na nalisema kwa heshima zote. Miaka kumi na miwili umenyamaza, na mimi nusura nikuhukumu kwa kunyamaza kwako. Safari nyingine ukiwa na jambo usiniachie nafasi wazi. Niandikie maneno. Mimi ni mtu wa kujaza, unanijua.

Mama anakusalimu, anasema kitambaa ulichotuma kilifika na ameshakigombania na dada yake. Bibi anakusalimu, leo nilipomwambia nakuandikia wewe alikwenda kuvaa meno, akidhani upo mlangoni. Mama Sauti anakusalimu kwa sauti ambayo huenda umeisikia. Nisalimie Baba Pacha, na pacha wabusu panapobusika bila kung'atwa.

Mungu akulinde ugenini, akuondolee kikohozi, akurudishe tukutazame.

Wako akupendaye na kukuomba radhi,

Yule mwoga wako.