Pikapu Yenye Milango Miwili ya Kushoto

Yaya Bahati, kaka na shofere wangu,

Motokari imekwisha. Naanza na hilo kwa sababu nakujua: ungeruka salamu zote ukitafuta fasi nilipoharibu. Sikuharibu. Imesimama kwa magurudumu yake manne, haichechemei, na mlango wa shofere unafunguka na kufungwa. Ndiyo, unafunguka. Tulia nikueleze.

Nakuandikia kutoka kibandani kwetu hapa kambini Juru, nimekalia kile kigoda ulichonikataza. Sasa nakikalia kila siku. Watu wanaleta baiskeli zao kama zamani, na bado kuna wanaouliza, "Mzee yuko?" halafu wanakumbuka na kushika mdomo. Nawaambia Mzee amesafiri, baiskeli imefika kwa mtu mwenye mikono mizuri zaidi yake. Wanacheka. Wakishaenda nakaa kidogo bila kugusa kitu. Umeniacha vibaya, Yaya. Mvua zilikuwa ndiyo zinaanza, presha ikakuangusha katikati ya maharage yako, na mimi nilikuwa huku naziba mpira wa mtu. Mimi niliyekusukuma katika matope yote ya Kivu, siku ile hata mkono sikukupa.

Basi, habari kubwa ni hii: Mama Neema wako ameitwa na ofisi ya wakimbizi. Yeye na mabinti wanapelekwa ng'ambo, nchi moja ya baridi ambayo jina lake linamshinda kutamka lakini analitamka hivyo hivyo. Mimi na wangu tunabaki. Siku alipopata habari alikuja kibandani akasimama pale pale mlangoni, hakutaka kukaa. Unamjua akiwa na neno zito. Akasema, "Shemeji Zakaria, kaburi siwezi kubeba. Ile motokari ya Bahati, ya kwenye boksi, nitabeba. Uimalize. Lakini kama haitafanana naye, ibaki hapa hapa." Akageuka akaenda zake.

Sasa niambie, mtu anakataaje kazi kama hiyo? Na mtu anaanzia wapi?

Nilianza kwa kucheka peke yangu, nikikumbuka siku ile Mbarara. Tulikwenda kutafuta spoku na mipira ya baiskeli, tukamkuta yule mama wa mitumba amemwaga vitu vya watoto juu ya turubai, midoli isiyo na vichwa, viatu vya mguu mmoja. Wewe ukainama, ukainuka na boksi limefungwa kamba, lina picha ya pikapu. Yule mama akakuambia kwa Kiswahili chake cha sokoni, "Mzee, hii hapana ya kucheza. Hii unajenga wewe mwenyewe." Basi ungefikiri umepewa funguo. Hukusubiri hata tufike nyumbani. Ukalifungua palepale barazani mwa duka la vyuma, ukapanga vipande juu ya gazeti, vidogo kama punje za mahindi, vingine bado vimeshikilia vijiti vyao vya plastiki, na karatasi ya maelezo yenye herufi za Asia ambazo wewe ulijifanya unazisoma.

Halafu ukaanza kukagua. Chasisi ilikuwa imepinda. Ukiiweka chini, gurudumu moja linainuka kama mbwa anayetafuta mti. Hilo lilikuwa dogo. Milango ilikuwa miwili, na yote ya kushoto! Wa kulia hakuna. Tukamwaga boksi, tukalikung'uta, hakuna. Mimi nilitaka tumrudishie yule mama mali yake. Wewe ulicheka mpaka mwenye duka akatoka nje kuona kuna nini. Ukaniambia, "Zakaria, hata hii ni mkimbizi. Imetoka kwao mbiombio."

Ulianza kuijenga mwenyewe, kila Jumapili baada ya ibada, na hukutaka nikuangalie begani. Viti, injini, usukani. Ulipofika kwenye milango ukasimama, ukarudisha kila kitu katika boksi, ukasema utafikiria. Ukaondoka ukiwa bado unafikiria.

Mimi nikaanzia chini. Ile chasisi wewe ulikuwa unaikunja kwa vidole, Mungu akusamehe, siku moja ingekatika. Lakini wewe ulikuwa mtu wa mbele, Yaya. Usukani, honi na miwani ya jua. Ya mizigo ulikuwa unamwachia konvuwayeri wako, na konvuwayeri ni mimi: kuita abiria, kupanga magunia, kufunga kamba, kulala juu ya dagaa wa watu. Mtu wa nyuma anajua kwamba motokari tupu ina kiburi. Itarukaruka, itayumba, itakutupa. Ipe mzigo, inatulia na kushika barabara. Kwa hiyo nikachukua karai la maji yaliyokaribia kuchemka, nikaizamisha chasisi mpaka ikalegea, nikaitoa kwa kijiko, nikailaza juu ya kipande cha kioo, na juu yake nikaweka pasi ya mkaa ya mke wangu. Nikaiacha ipoe chini ya mzigo. Mara ya kwanza ikapinda upande wa pili, nikaitukana matusi yale ya Uvira. Nikarudia. Ikakubali. Ungeiona ilivyolala sawasawa ungevua kofia, na kofia yako hukuwa unaivua hata kwa pasta.

Nikaipaka buluu, ile buluu yetu. Mimi niliijua kazi yangu: naijenga ile pikapu yetu iliyoungua barabarani mwaka tuliokimbia. Nyingine ipi? Tulikaa ndani yake kuliko tulivyokaa katika nyumba zetu.

Sasa hapo ndipo nilipogombana na wewe. Kuangalia ndani ya kabini, nakuta usukani umeugandisha kulia. Kulia! Yaya, kwetu Kongo shofere anakaa kushoto. Miaka yote ile nilikupitishia mihogo ya kuchoma kwenye dirisha la kushoto, hata macho yangefungwa nisingekosea. Nikasema basi, presha ilishaanza kumvuruga kichwa, maskini, nami sikujua. Nikapasha kisu kwenye makaa ili niung'oe niurudishe fasi yake.

Mama Neema akanikuta kisu kimeshakuwa chekundu. Alikuja kuangalia kazi. Alinishika mkono huu kwa nguvu zake zote, unazijua. "Wacha! Unafanya nini? Hakukosea."

Na safari hii alikaa. Alikaa kwenye kigoda chako, akaniambia mambo ambayo mimi, rafiki yako, mtu niliyekula vumbi lako, sikuyajua. Kwamba siku nyingine ukiniaga unakwenda Mbarara kutafuta spoku, hukuwa unatafuta spoku. Ulikuwa unazunguka kuomba kazi ya ushofere. Kwamba ulikuwa umempata mtu mmoja mwenye pikapu ya kubeba ndizi na maharage, Mbarara mpaka Kikagate, na akakuambia urudi baada ya mavuno. Kwamba nyumbani ulikuwa unakaa kwenye kiti na sahani mkononi, unajifunza kushika upande wa kushoto wa barabara kama mashofere wa hapa, unabadilisha gia kwa mkono wa kushoto hewani, na mabinti wanakuwa polisi, wanakusimamisha, wanakudai kitu kidogo. Yaya! Shofere wa Ngomo, mtu aliyeshuka ile milima breki zikilia, anaendesha sahani!

Mama Neema akasema, "Ile ya Kongo iliungua, aliiacha iungue. Hii njo ile alikuwa anataka."

Nilikasirika, sikufichi. Nilikasirika kuliko siku ya mazishi, maana siku ya mazishi nilikuwa na kazi ya kubeba. Nikamwambia shemeji, kwa nini hakuniambia? Kila jioni tulikaa hapa tukiongea habari za kule, barabara ile, daraja lile, yule mwanamke wa Luvungi aliyetupunja samaki, nami nikadhani tuko wawili tunaoangalia nyuma. Kumbe mwenzangu alishageuza kichwa. Mama Neema akaniangalia kama mtu anavyomwangalia mtoto mkubwa anayelia. Akasema, "Alitaka aipate hiyo kazi kwanza. Halafu akuite nyuma."

Nililia, Yaya. Nililia kwa sauti, wateja wakapita na baiskeli zao bila kusimama. Sioni haya. Sauti yangu ilishaita abiria wa masoko yote ya Kivu, siku ile iliita vingine.

Halafu nikanawa uso, kwa sababu sasa nilikuwa na shida ya kweli. Shofere amekaa kulia, na mlango wa kulia kiwanda hakikuweka. Pikapu yako haikuwa na mlango wa kukuingiza wewe. Ndiyo maana ulikwama pale, na mimi nilidhani ni uvivu.

Nikachukua dumu la mafuta ya kupikia, lile la njano lililopasuka, nikalikata ubavu. Ule mlango wa kushoto uliozidi nikaugeuza, nikaufanya kipimo, nikachora kinyume chake juu ya plastiki, nikakata kwa wembe wa moto. Dirisha nikalitoboa pia. Nikapaka gundi, ikashika, nikafurahi, nikaugusa, puu, ukaanguka. Nikapaka tena, ukaanguka tena. Plastiki ya dumu haitaki gundi, Yaya, inaitema kama mtoto anavyotema dawa. Majirani wakaanza kunitania, eti fundi Zakaria anapigana na dumu na dumu linashinda. Basi nikasema, kamba haijawahi kunishinda, gundi ni nani? Nikatoboa matundu kwa sindano ya moto, nikaupitishia waya mwembamba wa breki, juu na chini, nikaufunga fundo la mizigo. Ukakaa. Na kwa kuwa umefungwa na waya, unafunguka! Wa kushoto wa kiwandani umeganda hauendi popote. Wa shofere, wa dumu, unafunguka kwa ukucha.

Sikuupaka rangi. Motokari ya buluu yenye mlango wa njano, nani wa kwetu hajawahi kuipanda?

Jioni ya mwisho kabla ya safari nikampelekea Mama Neema. Aliipokea kwa mikono miwili, akaiweka juu ya meza, akainama. Akaizunguka. Aliikagua mpaka nikaanza kutokwa na jasho, mimi nisiyemwogopa askari wa kizuizi. Halafu akaufungua ule mlango kwa ukucha wa kidole kidogo, akachungulia kiti chako, akaufunga, akaufungua tena. Akaanza kucheka, na kicheko chenyewe kikageuka kikawa kingine, akajifuta kwa kitenge. Akasema, "Njo yeye."

Tu. Ndiyo wewe: neno jingine sikulihitaji.

Wameondoka, Yaya. Basi lilikuja asubuhi, pasta akaomba, akaomba sana, mpaka dereva akaanza kuangalia saa. Kwaya iliimba. Neema alivaa koti lililomzidi na alikuwa anatoka jasho kama mpishi, lakini hakutaka kulivua. Mabegi yote yaliingia chini ya basi. Motokari yako mama yao aliipakata. Nilimwona dirishani ameishika hivi, kwa chini, kama chungu chenye moto. Aliniambia kupitia dirisha nisisahau kuchomoa majani kaburini. Nikamwambia aende asiwe na wasiwasi, mimi ndiye niliyekuwa nalala na wewe chini ya turubai moja kabla yeye hajakujua.

Kisha ikafika fasi ya kuondoka na hakuna aliyejua nani aseme basi liende. Watu wanalia, wanashika vioo, dereva hawezi kutoka. Mikono yangu ilikuwa inaniwasha. Nikazunguka, nikawatoa watu magurudumuni, nikafika nyuma ya lile basi, nikapiga bati kwa kiganja mara mbili, kama nilivyokuwa nakupigia wewe nikishakaza kamba ya mwisho. Dereva hanijui hata kidogo. Aliniangalia kwenye kioo, akaingiza gia, akaenda. Maneno yale ninayosema baada ya kupiga, yeye sikumpa. Nimekuwekea.

Sasa nisikilize nikuahidi, halafu nikuache upumzike. Majani yako nitachomoa mwenyewe, kila baada ya ibada, na mvua zikipungua nitaweka mawe pembeni ng'ombe wasikukanyage. Maharage yako tumeshavuna, yalikuwa mazuri. Na mavuno yakiwa yamekwisha hivi, wiki ijayo ninapanda kwenda Mbarara kumtafuta yule mtu wa pikapu ya Kikagate. Sitamwomba fasi ya nyuma. Ulinipa usukani mara nyingi kwenye tambarare ya Ruzizi ukiwa na usingizi, na hatukuanguka. Nimeshaanza na sahani. Mke wangu amekuwa polisi, na ni mkali, hachukui kitu kidogo. Mkono wa kushoto bado ni mzito kidogo kwenye gia ya tatu, lakini utafunguka.

Enda, shofere. Nyuma kuko sawa.

Konvuwayeri wako,
Zakaria